Nati Zisilegee Njiani: Mwongozo Kamili kwa Wenye Boti na Mashine

Mwenye boti aliyechoka utamjua kwa mfuko wa suruali. Akitembea, mfuko unalia: nati tatu, washa mbili, bolti moja isiyo na mwenzake. Amejiandaa. Anajua kwamba kati ya Mokowe na Faza, huku Lamu, kitu kitafunguka, na ukimuuliza atakwambia bahari ndivyo ilivyo. Mimi naona bahari inasingiziwa. Injini iliyofungwa sawasawa hupita kusi na kaskazi bila nati kudondoka.

Nitakayoeleza nimeyapata kwenye mashua za dizeli na injini za tezini (zile zinazofungwa nyuma ya boti) hapa Lamu, lakini ni yale yale kwa jenereta, pampu ya kisima, stendi ya sola juu ya paa na hata pikipiki. Punda peke yake ndiye hana nati.

Magonjwa mawili, si moja

Bolti ni springi. Ukiikaza unaivuta, inarefuka kidogo kiasi ambacho jicho halioni, nayo inataka kurudi ilikotoka. Kule kutaka kurudi ndiko kunakobana vipande viwili pamoja. Nyuzi (ile mikato inayozunguka bolti) na nati zipo ili kuuhifadhi mvuto huo tu. Mvuto ukiwepo, nati haina sababu ya kuondoka. Ukipotea, utafunga kwa kamba, kwa gundi na kwa dua, na bado itagonga.

Mvuto hupotea kwa njia mbili. Ya kwanza, nati haikuzunguka hata kidogo, ila kilichobanwa kimenywea: rangi imesagika, gasketi imelala, mbao imebonyea. Ya pili, nati yenyewe imezunguka ikarudi nyuma, na hapo aghalabu ni kwa sababu vile vipande viwili vinateleza kwa pembeni, kimoja juu ya mwenziwe. Mjerumani Gerhard Junker alilionyesha hili mwaka 1969 kwa mashine inayosukuma vipande huku na huku: mtikiso wa kuteleza pembeni hufungua nati haraka kuliko mtikiso wa kuvuta bolti kwa urefu wake.

Ya kwanza huizaa ya pili. Hili nililipia.

Zamani kidogo nilifunga kaplingi ya shafti ya mashua moja, yaani kiungo cha injini na shafti ya propela, kwa bolti nne za M10 (unene wa milimita 10). Kabla ya kufunga nikazipaka nyuso za kaplingi rangi ya kuzuia kutu, mikono miwili, nikajiona fundi safi. Nikaweka washa mpya za springi, nikakaza mpaka spana ikaniuma kiganjani. Safari ya kwanza ya Kizingitini ilikwenda na kurudi salama. Safari ya pili, wako kwenye mkondo wa Mkanda na maji yanakupwa, shafti ikaanza kugonga kama mtu anayepiga hodi. Bolti moja haikuwepo. Ya pili ilishikwa na nyuzi mbili. Wakazima, wakasukuma kwa upondo hadi pembeni, wakakaa kuyasubiri maji yajae.

Nahodha aliporudi hakunigombeza. Aliweka nati moja juu ya meza yangu akasema, "Fundi, hii yako."

Rangi ndiyo iliyoniponza. Chini ya mbano na joto la shafti ililainika ikasagika, mvuto ukapungua, nyuso zikaanza kuteleza, nati zikazunguka. Na zile washa za springi hazikuzuia chochote.

Hatua ya kwanza: chora mstari kabla ya kutibu

Nati inayokusumbua ikaze mara moja tu, kisha chora mstari mmoja unaoanzia kwenye bolti, ukapita juu ya nati, ukateremka hadi kwenye chuma chenyewe. Rangi ya kucha inafaa sana: inakauka upesi, haitoki kwa maji ya chumvi na inaonekana hata chini ya sakafu ya boti. Iache ifanye kazi safari moja au mbili, kisha rudi utazame.

Mstari umekatika, yaani sehemu ya nati imeachana na ya chuma? Nati inazunguka. Unahitaji kuzuia mtelezo na kuweka kizuizi. Mstari uko sawa lakini ukiweka spana nati inakwenda bila ubishi? Kilichobanwa kimenywea. Hapo gundi na nati zenye pete ya plastiki hazitaurudisha mvuto, tafuta kinachobonyea.

Mafundi wengi huruka hatua hii, kwa hiyo hutibu ugonjwa wa pili pale penye wa kwanza.

Hatua ya pili: ondoa uchafu, chumvi na rangi

Fungua bolti, ioshe kwa maji matamu uyeyushe chumvi, kisha brashi ya waya kwenye nyuzi zote, za nje na za ndani. Malizia kwa tina (kiyeyusha rangi) au kitoa rangi ya kucha chenye asetoni ili mafuta yatoke. Petroli usiitumie; huacha utando wa mafuta, na ndani ya boti ni hatari.

Sasa tazama pale kichwa cha bolti na nati zinapokalia. Rangi yote hapo ikwanguliwe hadi chuma kionekane, kwa upana wa washa. Nyuso mbili zinazokutana, hivyo hivyo. Ukiogopa kutu, paka rangi kwa nje baada ya kukaza. Ndani ya mbano, chuma kikutane na chuma.

Hatua ya tatu: bolti yenyewe ni ipi?

Nati inapaswa kuingia kwa vidole hadi mwisho. Ikigoma katikati, usiilazimishe kwa spana. Mara nyingi ni mchanganyiko wa vipimo: bolti ya inchi 5/16 ina unene wa milimita 7.9, kwa hiyo mkononi huwezi kuitofautisha na M8, lakini nyuzi zake ni 18 kwa inchi ilhali za M8 ya kawaida hupishana kwa milimita 1.25. Nati itaanza vizuri, izunguke mara mbili tatu, ibane. Wewe utadhani imekazika. Imekwama tu, na kipande bado kinacheza.

Dalili nyingine: injini nyingi za Kijapani hutumia kichwa cha spana 12 kwa bolti za M8, wakati bolti ya dukani mara nyingi ni ya spana 13. Ukikuta 13 moja katikati ya 12 nyingi, kuna mtu alipita hapo kabla yako. Itoe uitazame.

Bolti ya zamani ilaze ubavuni mwa mpya, nyuzi kwa nyuzi. Ikiwa nyuzi zinaachana kadiri unavyokwenda, imevutika kupita kiasi na haitarudi. Itupe, na usiitie mfukoni.

Kuhusu chuma: kichwani utasoma 8.8 kwa bolti ya chuma cha kawaida chenye nguvu, au A2 na A4 kwa kisichoshika kutu. Kwa bahari chukua A4. A2 huanza kutoa madoa ya kahawia. Lakini chuma hicho kina tabia mbaya: ukikaza haraka kikiwa kikavu, nyuzi zake hung'ang'aniana zikawa kitu kimoja, usiweze kwenda mbele wala nyuma. Paka grisi maalumu ya kuzuia kung'ang'ania na uzungushe polepole. Kikiingia kwenye aluminiamu ya injini ya tezini bila grisi wala gundi, maji ya chumvi yataila aluminiamu ikawa unga mweupe, na siku ya kufungua utaikata bolti.

Hatua ya nne: kaza kwa kipimo, na mizani ya samaki

Kuna spana yenye kipimo cha nguvu, na kama unayo itumie. Wengi hatuna. Lakini Lamu haikosi mizani ya kuning'iniza ya samaki, na hiyo inatosha.

Nguvu ya kukaza ni uzito unaovuta ukizidishwa kwa urefu wa spana. Pima sentimita 25 kutoka katikati ya nati hadi sehemu utakayovuta kwenye spana. Funga kitanzi cha kamba hapo, tia ndoano ya mizani, na uvute mizani ikiwa pembe mraba na spana. Ukivuta mshazari, hesabu inaharibika. Mizani ikisoma kilo 10, nati imepata karibu Nm 25 (Nm ni nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza).

Kwa bolti za 8.8 zenye nyuzi za kawaida, safi na bila grisi, ninakwenda hivi: M6 kilo 4 kwa spana ya sentimita 25, yaani karibu Nm 10. M8 kilo 10. M10 kilo 20, karibu Nm 50. M12 inataka karibu Nm 85, kwa hiyo ongeza mpini wa bomba ufike sentimita 50 na uvute kilo 17. Bolti za A2 na A4 zinazoandikwa 70 (alama ya nguvu yake) zipunguzie takriban theluthi moja. Inayoingia kwenye aluminiamu ipunguzie pia, na kitabu cha injini kikitoa tarakimu, kifuate kitabu uniache mimi.

Ukishapaka grisi, hesabu hubadilika. Katika kila sehemu 10 za nguvu unazotia, karibu 9 huliwa na msuguano wa nyuzi na wa chini ya kichwa. Moja tu ndiyo inayoivuta bolti. Grisi ikipunguza msuguano, mkono ule ule unaivuta bolti zaidi sana. Punguza robo. Bolti nyingi zilizokatika mikononi mwa vijana wangu zilikatikia hapa: grisi tele, na nguvu za siku ya bolti kavu.

Zikiwa nyingi, zikaze kwa kupishana kama nyota, kwanza nusu ya nguvu zote, kisha robo tatu, kisha kamili. Halafu rudia duru moja ya mwisho. Ya kwanza karibu kila mara hupokea kidogo zaidi, kwa sababu wenzake wamevivuta vipande vikakaa.

Hatua ya tano: kizuizi, kwa kadiri ya mahali

Mvuto ukishapatikana ndipo unachagua kizuizi. Swali ni je, pana joto? Je, utafungua mara kwa mara? Je, ikidondoka mtu atakufa?

Washa ya springi, ile iliyopasuliwa na kupindwa, mimi nimeiacha. Bolti ikikazwa sawasawa inalala bapa, na kuanzia hapo ni washa ya kawaida tu. Hata mwongozo wa NASA wa mwaka 1990 kuhusu bolti unasema hivyo. Hainidhuru ikiwepo, ila ukiitegemea utafika Mkanda.

Nati yenye pete ya plastiki ndani ndiyo rafiki wa boti. Hata mvuto ukipotea, plastiki huishika nyuzi isidondoke. Bolti itokeze angalau nyuzi mbili kupita plastiki, la sivyo haijashikwa. Ikiwa unaweza kuizungusha kwa vidole baada ya kufungua, imechoka, weka mpya. Usiiweke karibu na ekzosi, maana kwenye joto la nyuzi 120 za Selsiasi hivi plastiki hulainika. Pale tumia nati ya kujifunga ya chuma kitupu, ile iliyobonyezwa kidogo kichwani.

Nati mbili kwa bolti moja zinafaa ukizipanga sawa. Wengi huweka nene ndani na nyembamba nje kwa sababu ndivyo inavyopendeza. Ni kinyume. Nyembamba itangulie ndani, ikazwe kwa nusu nguvu, kisha nene ije juu kwa nguvu kamili huku spana ya pili imeishika ile nyembamba isigeuke. Nene ndiyo inayobeba mzigo.

Gundi ya nyuzi, ambayo wengi huiita Loctite hata ikiwa ya kampuni nyingine, ilitokana na kazi ya Vernon Krieble, mwalimu wa kemia Marekani, mwaka 1953. Hukauka ikikosa hewa na kugusa chuma. Ndiyo maana chupa huuzwa ikiwa na nafasi kubwa tupu ndani; wateja hunijia wakidhani wamepunjwa dukani. Hewa ile ndiyo inayoizuia isigande, kwa hiyo usiimimine kwenye kichupa kingine ukakijaza hadi juu.

Ya bluu ndiyo ya kazi nyingi: inashika, na spana ya kawaida inaifungua. Nyekundu iache kwa kitu ambacho hutaki kukifungua tena, maana mara nyingi huhitaji joto la nyuzi 250 hivi kuachia, na kuwasha moto ndani ya boti yenye tangi la mafuta ni jambo ambalo sitamshauri mtu. Tia matone mawili matatu pale nati itakapokalia. Ikiwa ni tundu lisilotokea upande wa pili, tia ndani ya tundu, kwani hewa iliyonaswa itaisukuma nje gundi iliyo kwenye bolti. Kaza mara moja. Acha nusu saa usiguse, na saa 24 kabla ya kuwasha injini. Chuma kisichoshika kutu kinachelewesha kukauka, kwa hiyo pulizia kwanza dawa ya kuharakisha. Plastiki nyingine hupasuka zikiguswa na gundi hii, basi usiipeleke kwenye vifuniko na matangi.

Washa za kabari huja mbili mbili zimebandikwa, ndani zina miteremko. Nati ikitaka kuzunguka, miteremko inapandana na kuivuta bolti zaidi. Ni ghali, ila kwa kaplingi ya shafti sasa natumia hizo. Zinataka uso mgumu, kwa hiyo juu ya mbao ni pesa za bure.

Nati ya propela ina tobo la kotapini, ile pini inayopitishwa na kukunjwa ncha. Pini ni mpya kila mara, ya chuma kisichoshika kutu. Tobo lisipolingana baada ya kukaza, ongeza kidogo hadi lilingane, usirudishe nyuma.

Mbao

Hapa ndipo boti zetu zinapotofautiana na vitabu. Injini imelala juu ya mabao, na mbao haishiki mvuto. Ikikaa majini inavimba, boti ikipandishwa pwani kukalafatiwa inakauka na kunywea, na chini ya washa ndogo inabonyea siku kwa siku. Nati haijazunguka hata chembe, mstari wako wa rangi uko pale pale, na injini inacheza.

Kwanza, skrubu za mbao zisiibebe injini. Bolti ipite hadi upande wa pili. Pili, juu na chini weka kipande cha bamba la chuma, si washa: unene milimita 6, upana sentimita 7 au 8, ili mzigo utawanyike. Kaza mpaka bamba likae sawa na mbao ianze kupinga, basi. Ukiona bamba linazama, umevunja nyuzi za mbao na hazirudi.

Njia ninayoipenda zaidi ni mrija. Toboa tundu pana, tia ndani kipande cha bomba la chuma kifupi kuliko mbao kwa milimita moja, kisha bolti ipite ndani ya bomba. Ukikaza, mabamba yanaibana mbao milimita ile moja, halafu yanakutana na bomba. Kuanzia hapo bolti inavuta dhidi ya chuma, ikapata mvuto wa kweli. Paka deheni (mafuta ya kupakia vyombo) au rangi ndani ya tundu kwanza, maji yasiozeshe mbao kutoka kati. Malizia kwa nati ya plastiki.

Boti ikirudi majini, iache siku tatu nne inywe maji, ndipo ukague bolti za mabao, halafu ukague kama shafti na kaplingi bado zimenyooka sawa na injini, kwa maana injini iliyoshuka upande mmoja itazifungua bolti za kaplingi hata ukizifunga kwa washa za dhahabu.

Injini ya tezini nayo: vile vibano viwili vya kuzungusha kwa mkono vinategemea mbao ya tezi, kwa hiyo vitalegea. Vikaguliwe kila asubuhi. Kwa injini kubwa pitisha bolti pamoja na bamba, na mnyororo uwepo siku zote. Bei ya mnyororo huwezi kuilinganisha na ya injini iliyo chini ya maji.

Vitu vidogo vya nyumbani

Skrubu ya mlango iliyoliwa na tundu lake: toa, jaza vijiti vya kiberiti na gundi ya mbao, kata, rudisha skrubu. Stendi ya sola: nati za plastiki, na uikague kabla kusi haijaanza. Cherehani na feni: gundi ya bluu tone moja, mbali na plastiki.

Hatua ya sita: duru ya ukaguzi

Kila nati iliyokamilika ipate mstari wake wa rangi ya kucha. Saa ya kwanza ya kufanya kazi ikiisha, zima, subiri ipoe, tazama mistari na ujaribu kwa mizani zile zisizo na gundi. Rudia baada ya saa 10, kisha kila mwezi. Ukaguzi wa mwezi ni wa macho na tochi tu, dakika tano.

Iliyofungwa kwa gundi usiiongeze kidogo "kwa usalama". Kule kuongeza ndiko kunakoivunja gundi iliyokwisha kukauka. Mstari wake ukiwa sawa, iache. Ukiwa umekatika, fungua kabisa, kwangua gundi ya zamani yote kwenye nyuzi, na uanze tena kwenye hatua ya pili, ukiitazama vizuri ile sehemu iliyo chini ya washa.